Waliosema Wasichana Hawataelewa

(Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri mbele ya wachoraji na wasomaji wa vibonzo, kuhusu mchoraji wa Kijapani Riyoko Ikeda. Wengi mlikwama na mvua, mkaniomba niyaandike. Nimeyaweka kama nilivyoyasema, hata pale nilipotoka nje ya mada. Picha nilizoonyesha ukutani hazimo.)

Wazee wangu mliopo, shikamooni. Wachoraji wenzangu, kina mama mliosindikiza watoto, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wanaosubiri daladala, habari za mchana.

Kabla ya yote nina swali. Nani hapa amewahi kuificha hadithi ya mapenzi? Nyoosheni mikono, hakuna atakayewasema. Haya, naona. Na wewe kaka, usijifanye unajikuna kichwa.

Mimi nilikuwa nakata ukurasa wa gazeti wenye hadithi ya mfululizo, naukunja mara nne, nauweka ndani ya daftari la Jiografia. Mnazikumbuka hadithi zile? Msichana anafungua barua, mkono unamtetemeka, macho yanatua kwenye jina la mwandishi wa barua, halafu: "Itaendelea wiki ijayo." Wiki nzima hulali! Siku moja mwalimu alilifungua daftari langu, akaushika ule ukurasa kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya aliyekufa, akauliza darasa zima, "Huu uchafu ni wa nani?"

Sikujibu. Leo ndiyo namjibu, na nitamjibu kwa maisha ya mtu mwingine.

Mtu huyo anaitwa Riyoko Ikeda. Ni mchoraji wa manga, yaani vibonzo vya Kijapani, na umaarufu wake ulitokana na hadithi ya mapenzi. Alizaliwa Osaka tarehe 18 Desemba 1947, miaka miwili baada ya vita. Mwaka 1966 aliingia chuo kikuu mjini Tokyo kusoma falsafa. Baba yake alikuwa tayari kumlipia ada ya mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja! Kwa hiyo binti aliondoka nyumbani, akaanza kufanya vibarua ili ale, na katika kutafuta kazi ya kumlipa akashika kalamu ya wino. Kuchora kulikuwa njia ya kupata kodi ya chumba. Mwaka 1967 kazi yake ya kwanza ikatoka katika jarida la wasichana.

Nalisema hili kwa sababu kuna vijana hapa huniambia, "Mama, mimi nasubiri nipate wito." Ikeda alikuwa anasubiri kodi ya chumba.

Sasa niwaeleze majarida yale yalikuwaje, maana bila hilo hamtaona uzito wa alichofanya. Japani kuna majarida ya manga ya wavulana na ya wasichana, na yale ya wasichana wenyewe huyaita *shojo*. Moja linaitwa Margaret, la kampuni ya Shueisha. Lilikuwa linatoka kila wiki, karatasi yake ya bei nafuu, na ndani zimo hadithi nyingi za wachoraji mbalimbali, kila moja kipande. Msomaji akimaliza kusoma huwaandikia wahariri kusema kipi amekipenda. Hadithi isiyopendwa hukatwa. Hakuna kubembelezana. Wachoraji wengi walikuwa mabinti wa miaka ishirini na kitu. Wahariri waliokuwa wakiwaamulia walikuwa wanaume.

Ikeda akaenda kwa wahariri wake na wazo. Alipokuwa sekondari alisoma kitabu cha Stefan Zweig, mwandishi wa Austria, juu ya maisha ya Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa aliyekatwa kichwa wakati wa Mapinduzi. Kitabu hicho hakikumtoka moyoni. Akasema, nataka kuchora hadithi ya malkia huyu, mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya wasichana.

Wakamwambiaje?

Wasichana hawataelewa.

Historia ni ya watu wazima, tena wanaume. Wasichana wape mapenzi ya shuleni, wape machozi kidogo, basi. Historia? Mapinduzi? Kodi ya chumvi, mkate kupanda bei, bunge la matabaka matatu? Wasichana hawataelewa.

Ikeda alisisitiza, akakubali sharti kwamba isipopendwa itasimamishwa mara moja. Mei 1972, akiwa na umri wa miaka 24, alianza kuchapisha *Berusaiyu no Bara*, yaani Waridi la Versailles, lile kasri la wafalme wa Ufaransa. Ilikwenda mpaka Desemba 1973, sehemu 82. Hadi leo vitabu vyake vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 20.

Kumbe walielewa!

Lakini walieleweshwaje? Hapa naomba mniazime masikio, kwa sababu hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe.

Hadithi ina watu watatu waliozaliwa mwaka mmoja, 1755. Wawili walikuwapo kweli duniani: Marie Antoinette mwenyewe, na Hans Axel von Fersen, bwana mkubwa kutoka Sweden aliyependana na malkia huyo. Wa tatu Ikeda alimbuni. Anaitwa Oscar. Baba yake ni jenerali mwenye mabinti watupu, na huyu wa mwisho naye alipozaliwa msichana, mzee akasema yatosha, akampa jina la kiume, akamlea kama mwana wa kiume, upanga mkononi. Oscar akakua akawa mkuu wa walinzi wa malkia. Kila mtu kasrini anajua ni mwanamke. Wanawake wa kasri wanazimia akipita.

Kwa nini mwanamke? Ikeda ameeleza mwenyewe, na jibu lake lanifurahisha kuliko nadharia zote zilizoandikwa juu ya jambo hili. Alihitaji mkuu wa walinzi, lakini akiwa binti wa miaka 24 aliona hawezi kuingia ndani ya kichwa cha mwanajeshi mwanamume. Angechora nguo bila mtu ndani yake. Basi akamfanya mwanamke, kwa sababu mwanamke alimjua.

Haki ya mtu apewe mwenyewe: binti wa kifalme anayevaa kiume na kushika upanga alikuwa amechorwa tayari na mchoraji mwenzake wa manga, Osamu Tezuka, tangu mwaka 1953. Ikeda hakuanzia patupu. Lakini yule wa Tezuka ni ngano. Oscar ana mshahara, ana wakubwa kazini, ana askari wanaogoma kumtii kwa sababu ni mwanamke.

Tena mwanzoni Oscar alikuwa mtu wa pembeni, mwenye hadithi alikuwa malkia. Wasomaji ndio waliomvuta Oscar kutoka pembeni mpaka katikati. Barua zikaja, na Ikeda akazisikiliza.

Sasa mapenzi yako wapi? Anaitwa André. Ni mjukuu wa yaya aliyemlea Oscar. Ni mtumishi. Amekua naye nyumba moja, anamshikia farasi, anamfuata kila aendako, anampenda na hawezi kusema. Nauliza: hawezi kusema kwa nini? Kwa aibu? Kwa woga wa kukataliwa? Hapana, jamani. Hawezi kusema kwa sababu yeye ni mtumishi na yule ni binti wa jenerali. Mtu wa tabaka lake hana ruhusa ya kumposa. Anampotezea jicho moja, baadaye lile lingine nalo linafifia, na bado hana ruhusa.

Mnaona alichofanya mwanamke huyu? Wahariri walisema wasichana hawataelewa mambo ya matabaka. Msichana wa miaka kumi na miwili aliyekuwa akimlilia André kila wiki alikuwa anaelewa mambo ya matabaka kuliko mhariri wake! Alikuwa anayajua kwa kifua. Ikeda hakuweka mapenzi upande huu na siasa upande ule. Kizuizi cha wapendanao ndicho kilichokuja kuvunjwa na Mapinduzi.

Halafu Oscar anaomba uhamisho. Anaacha ulinzi wa kasri, anakwenda kuongoza kikosi cha Walinzi wa Kifaransa, askari wa kawaida, watoto wa maskini. Huko anakuta askari ameuza bunduki yake ili nyumbani wale. Oscar alikuwa hajui. Miaka yote ile karibu na malkia, hajui! Na msomaji anajifunza pamoja naye, hatua kwa hatua, hana habari kwamba anafundishwa.

Kikosi hicho kilikuwapo kweli, na kweli tarehe 14 Julai 1789 askari wake wengi walijiunga na raia kuivamia ngome ya Bastille. Ikeda alimpitisha Oscar katika mlango ambao historia ilikuwa imeshaufungua. Oscar anavua cheo, anaacha ukabaila, anasimama na raia. André anakufa tarehe 13. Oscar anakufa siku ya pili yake, Bastille ikianguka.

Inasimuliwa kwamba toleo lile lilipotoka, kuna shule wasichana walilia hata masomo yakashindikana. Mwalimu wangu wa Jiografia angepata kazi ya kukusanya madaftari siku hiyo.

Wachoraji, niruhusuni niongee na ninyi peke yenu dakika mbili, wengine mnaweza kupumua.

Tazameni kurasa za *shojo* za miaka ile. Sisi wengi tumefunzwa kuchora visanduku: kimoja, viwili, vitatu, kama madirisha ya shule ya msingi. Pale visanduku vinavunjika. Uso wa mtu mmoja unatoka nje ya mpaka, nywele zinapita juu ya visanduku vya jirani, waridi linachanua nyuma yake ingawa yuko kambini, mahali pasipo na bustani. Mtu asiyejua atasema mchoraji amekosea. Ua lile halikuota pale kambini. Lile ndilo analolisikia mtu moyoni, limechorwa ili lionekane. Macho nayo ni makubwa, yana nyota ndani. Watu huyacheka macho hayo. Lakini msomaji wa hadithi za mapenzi anaangalia nini? Anaangalia macho, kama vile mpenzi wa mpira anavyoangalia miguu. Basi wakayapa nafasi.

Hayo si ya Ikeda peke yake. Kilikuwa kizazi kizima cha wanawake waliozaliwa karibu na mwaka 1949, akina Moto Hagio na Keiko Takemiya, na katika muongo mmoja wakaugeuza uchoraji wa wasichana. Kila mmoja anastahili Jumamosi yake.

Haya, rudini wote. Tuzungumze hela. Mnacheka! Hela ndiyo tulikuwa hatuiongelei.

Ikeda amesimulia kwamba wakati ule malipo yake kwa ukurasa yalikuwa nusu ya waliyopata wachoraji wanaume wa hadhi kama yake. Nusu. Akauliza sababu. Akajibiwa kwamba mwanamke ataolewa, atalishwa na mume, na mwanamume ana mke wa kumlisha, kwa hiyo ni haki alipwe mara mbili.

Hadithi inauza jarida. Jina lake liko juu ya jalada. Nusu!

Mimi nilipoanza kuchorea gazeti moja, sitalitaja, niliambiwa maneno yaleyale kwa Kiswahili fasaha kabisa: "Wewe si una mzee nyumbani?" Mzee nyumbani wakati ule alikuwa hana kazi. Nilikuwa namlisha mimi, kwa vibonzo vya nusu bei. Kwa hiyo niliposoma maelezo ya Ikeda nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa rudini kwa Oscar. Anawaongoza wanaume, nao wanasema hatutaki kuamriwa na mwanamke. Mnadhani Ikeda aliyatoa wapi? Ufaransa ya 1789? Aliyatoa ofisini kwao, Tokyo, mwaka 1973.

Wala hakushinda kila vita. Alitaka baada ya kifo cha Oscar aendelee kwa nafasi na Mapinduzi, maana malkia bado yu hai na kitabu cha Zweig hakijafika mwisho. Wahariri wakasema Oscar amekufa, hadithi imekwisha. Wakampa wiki chache tu. Katika wiki hizo alipaswa kumfikisha malkia kwenye mashine ya kukata vichwa, tarehe 16 Oktoba 1793, na Fersen kwenye kifo chake Stockholm mwaka 1810, alipouawa na kundi la watu wenye hasira. Ukisoma mwishoni unahisi haraka ile. Ni kama mpishi aliyeambiwa wageni wameshaingia na wali haujakauka. Nampenda Ikeda, lakini mwisho ule umebanwa, na nasema hivyo ili msidhani nimekuja kumpamba.

Hadithi yenyewe haikufa. Kuna kundi la maigizo ya muziki linaitwa Takarazuka, linaonyesha tangu mwaka 1914, na waigizaji wake wote ni wanawake. Wanawake wanacheza wanaume pia. Mnaona inakokwenda? Mwaka 1974 walimpandisha Oscar jukwaani. Mashabiki walinung'unika mwanzoni: nani duniani ataweza kuwa na umbo la mtu wa kwenye katuni? Aliyeelekeza mchezo alikuwa Kazuo Hasegawa, nyota mzee wa filamu. Inasemekana aliwafundisha waigizaji waelekeze macho sehemu fulani ya juu ukumbini ili taa ziwaingie machoni, nyota za kwenye karatasi zionekane kwenye macho ya binadamu. Toka hapo Takarazuka wameurudia mchezo huo miaka nenda miaka rudi.

Mwaka 1979 Mfaransa Jacques Demy akatengeneza filamu yake, na mwaka huohuo katuni ya televisheni ikaanza, vipindi 40. Italia walimjua Oscar kwa katuni hiyo. Mwezi Januari 2025 Japani ikatoa filamu mpya ya katuni. Mabibi waliolia darasani wakaenda kuitazama na wajukuu zao, naamini hivyo.

Je, baada ya hapo Ikeda alikaa akala matunda yake? Wangapi tungekaa! Kuanzia 1975 hadi 1981 alichora hadithi ndefu zaidi, inayoanzia katika shule ya muziki huko Regensburg, Ujerumani, ikapita Vienna, ikazama katika mapinduzi ya Urusi. Humo nako mna mapenzi, mna msichana aliyelelewa kama mvulana, na mna muziki kila ukurasa. Mwaka 1980 chama cha wachoraji katuni wa Japani kikamtuza kwa kazi hiyo. Halafu akamchora Napoleon, mpaka katikati ya miaka ya 1990.

Nimefika kwenye kipande ninachokipenda. Kina mama, hiki ni chenu.

Mwaka 1995 Riyoko Ikeda alikuwa na miaka 47. Alikuwa amevuka ule umri ambao mwili unatubadilikia, joto linapanda usiku, na mtu anahesabu miaka iliyobaki. Naye alihesabu. Ana jina, ana vitabu. Akafanya nini? Akafanya mtihani wa kuingia chuo cha muziki Tokyo, akaanza mwaka wa kwanza, kujifunza kuimba. Mwaka wa kwanza! Pamoja na watoto wa miaka kumi na minane. Mnaweza kulipata lile darasa akilini? Mabinti wale huenda mama zao ndio waliomlilia Oscar.

Alimaliza mwaka 1999. Akapanda jukwaani kama mwimbaji, sauti ya soprano, ile ya juu ya kike. Mtu aliyechora wanamuziki miaka sita kwa wino akaenda kuutafuta muziki kooni mwake.

Mwaka 2009 serikali ya Ufaransa ikamvisha nishani ya Legion d'honneur. Nishani hiyo ilianzishwa na Napoleon, ambaye Ikeda alikuwa amemchora. Mjapani aliyeambiwa wasichana hawataelewa historia ya Ufaransa akapewa nishani na Wafaransa wenyewe. Na mwaka 2014, karibu miaka 40 baada ya kitabu cha kumi cha Waridi la Versailles, akatoa cha kumi na moja, chenye visa alivyonyimwa nafasi ya kuvisimulia. Oscar alikuwa amekufa, wahariri wale walikuwa wameondoka, na yeye bado alikuwa na kalamu.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Namaliza, mheshimiwa.

Nimekuja na kitabu kimoja, juzuu ya kwanza, kwa Kiingereza. Sijakipata kwa Kiswahili. Kitazunguka kuanzia mstari huu wa mbele. Tafadhalini msikunje kurasa, na anayekula sambusa afute mikono kwanza. Ukikifungua utamkuta malkia ni mtoto wa miaka kumi na minne anayepelekwa Ufaransa kuolewa, na Oscar hajui bado kama yeye ndiye atakayependwa kuliko wote.

Wewe binti wa mstari wa tatu, daftari lako nimeliona tangu nilipoanza kuongea. Kuna karatasi imekunjwa ndani. Mimi si mwalimu wako wa Jiografia. Ukitaka, nionyeshe baada ya chai.